Gesi haijaisha, tazameni waya wa rimoti

Kwa Mhariri,

Juma lililopita dereva mmoja aliniletea Mazda Demio hapa Kibuye, Kisumu, taa za breki haziwaki. Akiwa anasubiri akaanza kunisimulia mkosi mwingine: gari limejazwa gesi ya AC mara mbili tangu Januari na hewa bado inatoka vuguvugu kama pumzi ya ng'ombe. Kesho yake alikuwa na ahadi ya kujaziwa mara ya tatu. Nikalala chali chini ya usukani kufuata waya wa breki, na kabla sijaufikia nikakutana na kitu ninachokijua mno: kisanduku cheusi kama pakiti ya sigara, kimeviringishwa tepu, kinaning'inia kwa waya zake chenyewe, na kila waya umebanwa kwenye shada la waya za swichi ya ufunguo. Ni kile kidude cha kuwashia gari kwa rimoti ungali sebuleni unamalizia chai. Nikamuuliza alikifunga lini. Mwezi wa kumi na mbili, akasema. Nikamwambia, omera, gesi yako haijaenda popote.

Nilichukua mita. Injini ikinguruma, betri ilisoma volti 13.9, hapo hakuna neno. Kwenye soketi ya feni ya AC ilisoma 11.2. Karibu volti tatu zilikuwa zinapotea njiani, na zilikuwa zinapotelea mahali pamoja: kibanio cha plastiki cha buluu ambacho fundi aliyenitangulia alikitumia kuuma waya mnene ili auungie waya wake. Kibanio kililegea, kikaanza kupata moto, shaba ikawa nyeusi. Feni iliyopunjwa umeme hupuliza kivivu. Na kompresa, ile pampu inayoisukuma gesi ya AC, ambayo wengi hudhani inaendeshwa na gesi, hushikwa na sumaku ya umeme inayoiunganisha na gurudumu la mkanda. Sumaku ikinyimwa volti inashika na kuachia, inashika na kuachia. Dereva anasikia joto, anasema gesi imekwisha. Fundi wa gesi naye hafukuzi mteja. Mbaya zaidi, gesi ikizidi kipimo presha hupanda mpaka swichi ya presha inaizima kompresa kabisa, na mtu anarudi nyumbani na joto lile lile alilokwenda nalo, ila mfuko umepungua.

Mhariri, nisingekuandikia kwa sababu ya Demio moja. Ninaandika kwa kuwa msimu huu wa jua magari ya namna hii yamekuwa mengi, na kwa kuwa gari la kwanza ninalolijua kuharibika hivi niliharibu mimi mwenyewe, kwa mikono hii.

Lilikuwa Toyota Fielder ya mwalimu mmoja wa upande wa Ahero. Hapa kibandani tunamwita Japuonj tu, yaani mwalimu kwa Kijaluo. Mama yake ana umri mkubwa na ana presha, na kila alipopelekwa kliniki alikuwa akilalamika kwamba kuingia katika gari lililoshinda juani ni kama kuingia kwenye chungu. Hakukosea. Gari lililofungwa vioo likiwekwa kwenye jua letu hili, ndani hupita nyuzi 50 bila shida. Basi Japuonj akaagiza kidude hicho kwenye intaneti, akaniletea kikiwa bado kwenye karatasi yake, na akasema, "Fundi, nataka mama akifika mlangoni akute baridi." Nani angekataa kazi yenye nia njema kama hiyo? Mimi nilikuwa nimefunga alamu za magari kwa miaka mingi, nikajiambia hiki nacho ni alamu iliyosoma zaidi.

Saa tatu za kazi. Tukabonyeza. Gari likawaka peke yake, watoto wa jirani wakapiga makofi. Lakini feni ilikuwa kimya. Injini inanguruma, AC imelala.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana ndipo mafundi wengi tunapoanguka. Swichi ya ufunguo haina mlango mmoja. Kuna waya unaolisha injini, kuna unaolisha redio na vikorokoro, kuna unaolisha feni na AC, na kuna wa stata, ile mota inayoizungusha injini iwake. Unapozungusha ufunguo mpaka mwisho, swichi yenyewe hufunga kwa muda milango ya redio na feni, ili umeme wote uende kwa stata. Ukiachia ufunguo, ile milango inafunguka tena. Ndiyo maana redio hunyamaza kidogo unapopiga stata. Kidude cha rimoti kinaingia mahali pa ufunguo, kwa hiyo kinapaswa kuiga adabu hiyo yote: kuwapa wote umeme, kuwanyima baadhi yao stata inapozunguka, kisha kuwarudishia. Kikiachiwa waya mmoja bila kuungwa, gari litawaka lakini AC haitasikia habari.

Mimi nilikuwa nimeuacha waya mmoja. Badala ya kurudi kwenye mchoro nikaukimbilia ujanja. Nilichukua kipande cha waya wa spika kilichokuwa mfukoni, nikauunganisha mstari wa feni na ule wa injini, moja kwa moja, pasipo rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), pasipo fyuzi. Feni ikapuliza, baridi ikaja. Japuonj akanilipa na juu yake akaninunulia soda.

Nilichokuwa nimefanya ni hiki. Stata ya gari dogo kama lile hula zaidi ya ampea 100 inapoanza kuzunguka, na volti za betri hushuka kutoka 12 na kitu hadi kumi au chini yake. Ni ngumi ya sekunde moja mbili, betri nzima huistahimili. Lakini sasa, kwa sababu ya waya wangu wa spika, katika sekunde hizo hizo feni ilikuwa inataka ampea zake 15, sumaku ya kompresa inataka zake tatu nne, na kompresa ikishika, stata inabebeshwa na mzigo wa kuizungusha pia. Volti zinaanguka zaidi. Zikianguka vya kutosha, kompyuta ndogo ndogo za gari husahau zilikuwa zinafanya nini. Saa ya dashibodi ilianza kurudi sifuri kila asubuhi. Redio ikapoteza stesheni. Japuonj akadhani redio ni mbovu, akanunua nyingine. Sikuambiwa, na kama ningeambiwa sijui kama ningekubali kosa siku hiyo.

Halafu kuna joto. Waya mwembamba ukipitishiwa umeme mwingi hula volti. Tuseme unakula volti mbili tu, na feni inavuta ampea 15. Mbili mara kumi na tano ni wati 30. Solda ninayotumia hapa kibandani kuyeyusha risasi ni ya wati 30. Kwa maneno mengine nilikuwa nimelaza solda iliyowashwa nyuma ya dashibodi ya mwalimu wa watu, katikati ya plastiki na sponji, na kuifunika kwa tepu. Kama nafasi gazetini ni ndogo, Mhariri, kata utakapokata lakini hiyo solda uniachie.

Mwisho wake ulikuja Awasi. Japuonj alikwenda matangani, gari likakaa siku tatu chini ya mwembe bila kuwashwa. Siku ya kurudi akabonyeza rimoti: tik, tik, tik, basi. Gari la otomatiki halisukumwi likawaka, kwa hiyo waombolezaji walisimama tu wakilitazama. Alikopeshwa waya za jampa na lori la miwa. Aliponifikia jioni, nilipima umeme unaonyonywa gari likiwa limezimwa na ufunguo mfukoni. Gari zima linatakiwa kunyonya chini ya miliampea 50 hivi, za saa na alamu na kumbukumbu za kompyuta. Lake lilikuwa linanyonya 300. Kidude kile lazima kikae macho usiku na mchana kikiisikiliza rimoti, hilo ni sawa na ni kidogo, lakini kwa jinsi nilivyounga, rilei moja ndani yake ilikuwa hailali. Miliampea 300 kwa saa 24 ni ampea-saa saba na ushei. Kwa siku tatu ni zaidi ya 21. Betri yake ilikuwa ya saizi ya NS60, ya ampea-saa 45. Karibu nusu ilikuwa imemwagika chini ya mwembe, na haikuwa betri mpya tangu mwanzo.

Hapa kwetu watu huamini betri hufa Limuru kwa sababu ya baridi. Baridi huitia uvivu wa asubuhi, ni kweli. Kinachoiua ni joto, maana dawa iliyo ndani hufanya kazi haraka zaidi na kuzila sahani zake haraka zaidi. Betri ya Kisumu inaonekana ina nguvu mpaka siku moja haina, wala haitoi taarifa.

Nimejiuliza sana kwa nini kidude kinachosifiwa hivyo ughaibuni kinatutesa huku, na nadhani jibu ni kwamba kilizaliwa kwenye theluji. Chevrolet Malibu ya 2004 ilipotoka kiwandani Marekani ikiwa na uwezo huo, shida ya wanunuzi ilikuwa vioo vilivyoganda na oili iliyokuwa nzito kama uji. Injini ikiachwa inanguruma dakika kumi hutoa joto, na joto hilo ni la bure. Lilikuwa linatupwa hata hivyo. Unahitaji feni ndogo tu kulisukuma ndani. Kwetu tunataka kinyume chake, na baridi haipatikani bure. Kompresa inazungushwa na injini kwa mkanda, na gari likiwa limesimama injini inazunguka polepole, kwa hiyo na kompresa inazunguka polepole. Ile rejeta nyembamba ya AC iliyo mbele haipati upepo wa barabara, inategemea feni yake ya umeme, nayo inadai ampea zake. Alteneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, ambayo barabarani hutoa ampea 80, hapo pengine inatoa nusu. Ukiegesha pua ikitazama ukuta, hewa ya moto inagonga ukuta na kurudi. Nimewahi kukaa ndani ya gari kama hilo na kipimajoto mkononi kwa dakika kumi zote. Baridi ilikuwepo mdomoni mwa matundu ya hewa. Kiti kilikuwa bado kinaunguza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa abiria wa Kisumu unainyima kazi karakana yangu mwenyewe: fungua milango yote kwa dakika moja, washa, shusha vioo, toka. Kabla hujafika Kondele upepo utakuwa umefukuza ile hewa ya chungu, kompresa imeshika kasi, ndipo upandishe vioo. Mafuta yaliyokuwa yachomwe bure uwanjani yatakuwa yamekufikisha mahali.

Wapo watakaosema mimi ni mzee anayeogopa vitu vipya. Hata stata yenyewe ilikuwa kitu kipya. Cadillac ya 1912 iliiweka ili watu waache kuvunjwa mikono na hendeli ya kuzungushia injini, na nina hakika wakati huo kulikuwa na mzee wa hendeli aliyenung'unika. Sina ugomvi na kitufe. Gari lililotoka kiwandani na mfumo huo limefikiriwa: kompyuta yake huzima AC kwanza, hupiga stata, husubiri injini itulie, ndipo huiita kompresa na kupandisha mzunguko wa injini kidogo ili ibebe mzigo. Boneti ikifunguliwa inazima. Magari ya haibridi yenye kompresa ya umeme ni habari nyingine kabisa, na huko namsihi fundi mwenzangu asiguse waya zozote za rangi ya machungwa. Hizo zina volti zaidi ya 100 na hazina utani. Ninachozungumzia ni kisanduku cha kuongezea, kwenye gari ambalo lilifika Mombasa likiwa na miaka saba, alteneta ina umri huo huo, likafungwa na fundi aliyekuwa na haraka kama niliyokuwa nayo mimi.

Kama bado unakitaka, na wengine wana sababu nzuri, kama ya yule mama, basi muulize fundi kabla hujampa hata shilingi: waya wa feni ya AC utauunga wapi? Akikujibu "usijali", chukua ufunguo wako uende. Akikuonyesha rilei yake na fyuzi yake karibu na betri, waya mnene kama ule uliotoka na gari, na maungio yaliyotiwa risasi badala ya vile vibanio vya buluu, mwache afanye. Akimaliza, mwambie apime mbele yako umeme unaonyonywa gari likiwa limelala. Ni kazi ya nusu saa, kwa kuwa baadhi ya magari huchukua muda kulala kweli. Na ukiwa na AC ya vitufe vya kuzungusha, kumbuka kwamba chochote ulichokiacha kimewashwa jana ndicho kitakachoamka leo. Ukiiacha feni kwenye nne, taa zinawaka, na kioo cha nyuma kinapashwa, rimoti itawaamsha wote kwa pamoja.

Gari la gia za mkono lisifungwe kitu hiki na mtu yeyote. Mteja wangu mmoja aliiacha Probox kwenye gia ya kwanza, kijana wake akabonyeza rimoti akicheza, na gari likaruka likabomoa banda la kuku. Kuku wawili. Ingeweza kuwa mtoto. Na wale wanaoegesha ndani ya gereji iliyoshikana na nyumba wasiwashe gari milango imefungwa hata kwa dakika mbili. Moshi wa gari una kaboni monoksidi, haionekani wala hainuki, nayo haibishi hodi kabla ya kuingia chumba cha kulala.

Narudi kwa Japuonj, kwa sababu kuna jambo moja sijalisema. Gari lake lina kinga ya wizi: kompyuta haiwashi injini mpaka isome chipu iliyo kwenye kichwa cha ufunguo. Rimoti haina chipu hiyo. Njia ya mkato ambayo mafundi karibu wote tunaitumia ni kuchukua ufunguo wa pili wa mwenye gari na kuuficha ndani ya dashibodi, karibu na swichi, ili kompyuta ijione inauona ufunguo. Mwenye gari hutupa ufunguo huo kwa moyo mweupe. Wengi hawaelewi kwamba tangu siku hiyo kinga waliyoinunua pamoja na gari imebaki jina, na mwizi akivunja kioo anakuta nusu ya kazi imeshafanywa. Mimi pia sikumweleza Japuonj. Nilimwambia tu, "Mwalimu, nipe na ule wa akiba."

Jioni ile aliyotoka Awasi nilikifungua kile kidude chote, nikarudisha waya za kiwandani nikizitia risasi moja moja, nikamrudishia pesa zake za ufundi. Hakuzitaka zote, akachukua nusu. Mama yake alikuwa amekaa kiti cha mbele muda huo, mlango wazi, mguu mmoja nje, anajipepea kwa leso. Nilipofika kwenye fungu la tepu lililokuwa nyuma ya usukani, lilikuwa gumu na limekuwa kahawia. Nikalipasua kwa wembe. Ufunguo wa akiba ulikuwa mle ndani, umelala ubavuni mwa ule waya wa spika, na plastiki ya kichwa chake ilikuwa imelainika ikachukua umbo la waya. Nilimpa hivyo hivyo mkononi. Aliugeuzageuza, akamwonyesha mama yake, kisha akaniuliza kama bado unaweza kufungua mlango. Tukaujaribu. Ulifungua.

Fundi waya,
Kibuye, Kisumu